Sikio la Kiwanda cha Mzee Faki

Mwanangu Rahma,

Salamu za babako unazijua na dua nshakuombea tangu magharibi, kwa hiyo nende moja kwa moja kwenye lililonikalisha kitako na kalamu mkononi, jambo ambalo mama yako analishangaa. Niko sebuleni. Wewe uko chumba cha pili na mlango umeufunga. Mama yako ananiambia begi umeanza kulifungua, nguo umezirudisha kabatini, na umemwambia huendi tena kusoma Uturuki. Umemwambia masikio ya baba yamekwisha, na kiwanda hakiwezi kubaki bila ya sikio.

Rahma, leo alasiri nilisikia. Nilisikia kila neno ulilolisema kwenye ile maiki, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilinyamaza kwa sababu nyingine. Nitakuandikia ni ipi, lakini siwezi kuanzia hapo, kwa hiyo nivumilie. Mtu wa umri wangu akitaka kusema jambo moja hana budi apite kwa baba yake kwanza.

Ya koti, ya dawa ya kifua na ya kupiga simu ukishuka, mama yako kashakwambia, na atakwambia tena kesho uwanja wa ndege. Mie huko sina la kuongeza.

Babu yako Mzee Faki hakuanza na muziki. Alikuwa seremala wa vitanda. Kuna jamaa mmoja wa mtaani alirudi kutoka Bara na gitaa lililopasuka mgongo, akampelekea yeye kwa kuwa hakuwa na mwengine wa kumpelekea. Babu akalifungua, akakaa nalo siku kadhaa akilichungulia ndani, na alipolirudisha kwa mwenyewe alikuwa ameshaanza kuchonga la kwake. Kichwani pa gitaa lile alichonga maua yale yale ya vitanda vya maharusi, maana ndiyo nakshi uliyoijua mkono wake. Wapigaji walimcheka wakachoka. Wakimkuta kibarazani wanamuuliza, "Mzee Faki, na chandarua chake kiko wapi?" Naye anacheka nao, kisha anarudi ndani kutengeneza jengine.

La pili lilipinda shingo, na la tatu likapinda. Unyevu wa kisiwa hiki haumwonei haya fundi. Mbao ukiinunua leo ukaikata kesho, itakugeuka kabla masika hayajesha. Ndipo babu alipoanza kuzilaza mbao za mninga chini ya kitanda chake mwenyewe, zikauke polepole, wao wakilala juu. Bibi yako, Bi Kazija, alikuwa akilalamika kwa majirani kwamba aliposwa na mtu lakini akaolewa na duka la mbao. Alilalamika hivyo miaka na miaka, na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akizigeuza zile mbao kila anapofagia, upande huu na upande ule, ili zisikauke kwa tumbo moja. Watu mpaka leo wanasifu kuwa magitaa ya Mzee Faki hayapindi shingo. Mie nnajua nani alikuwa akigeuza mbao, na sasa na wewe unajua. Lile gitaa lililoegemea mlangoni, unalokwenda nalo, limetoka kwenye ubao wa mwisho wa chini ya kitanda kile.

Halafu vikundi vya taarab vikataka umeme. Babu akanunua maredio makubwa ya mbao, yale yaliyokuwa yakiwaka taa ndani, akayavunja akajifunza. Alijifunza kwa kupigwa shoti, hakuna skuli nyingine aliyokwenda. Amplifaya yake ya kwanza ilipigwa harusini kwa jirani, na yeye alisimama pembeni yake usiku kucha, kifua mbele. Bi Kazija alirudi nyumbani, akavua buibui, akamwambia, "Makelele yako nimeyasikia, hongera. Maneno sikusikia hata moja. Sie hatukwenda pale kusikiliza waya."

Babu alinuna. Akawa anakula chakula chake bila ya kusema naye. Lakini alikuwa mtu wa haki, na siku moja baada ya sala ya alasiri akaikokota amplifaya mpaka mlangoni pa karakana. Akamwomba Bi Kazija ende asimame mwisho wa kichochoro, kwenye zile ngazi, na awape mgongo. Mgongo, kwa sababu ukimtazama mtu mdomoni unajidanganya kuwa umemsikia. Na akakataza nyimbo, kwa sababu wimbo unaoujua unajimalizia wenyewe kichwani. Lazima yawe maneno mapya, ya siku ile, na anayesikiliza ayarudishe kwa sauti kama yalivyosemwa. Asipoyarudisha, mashine inarudi mezani, na hakuna wa kukata rufaa.

Wewe umesimama kwenye ngazi zile tangu u mdogo, lakini mwanzo wake hukuuona. Watu wa kichochoro waligundua kuwa hapa pana nafasi ya kusemea mambo yao. Bi Salma, ambaye wewe umemkuta mtu mzima na fimbo yake, wakati ule alikuwa mke wa juzi juzi. Siku moja aliinyakua maiki akasema, "Aliyeazima mbuzi yangu ya kukunia nazi airudishe, mie kesho nna wageni." Na Bi Kazija kule mwisho, uso hauna habari, akayarudisha yote, tena hilo la wageni akalikokota. Mbuzi ikarudi kabla ya magharibi, na amplifaya ikafungwa kibao.

Kibao chetu unakijua, kile kidogo cha shaba kilichoandikwa Faki na Wanawe. Alipokichonga cha kwanza alikuwa na mtoto mmoja tu, mie, na mie nilikuwa natambaa. Bado sijaota meno lakini nshaingizwa kwenye kampuni. Hakiendi kibao kwenye mashine yoyote mpaka maneno yarudi kutoka kwenye ngazi. Na kwa ajili hiyo, mwanangu, hivi sasa ukenda harusini Makunduchi au Nungwi ukaona kibao kile mbele ya boksi lililochubuka rangi, boksi lina umri kukushinda wewe na bado linasema. Yalikuja maboksi ya nje, mepesi na ya kumetameta, tukadhani ndiyo basi tena. Watu waliyanunua, kisha wakarudi kwetu mmoja mmoja, kwa haya, wanauliza kama bado tunatengeneza. Nikipita mahali usiku nikasikia maneno ya muimbaji yanafika mpaka barabarani, huwa nasimama. Najifanya nafunga kiatu. Ni fahari tu, wala siionei haya.

Sasa nije kwangu mimi, maana sikuzaliwa na akili hii.

Nilipokuwa kijana vikundi vipya vilitaka mdundo. Vinanda vya umeme vimeingia, besi imepanda, kila mmoja anataka kifua kimtikisike. Nikatengeneza boksi kubwa kuliko yote yaliyowahi kutoka pale. Ilibidi tung'oe mlango ndipo lipite. Nikalipa jina, Jabali. Babu yako akaniuliza, "Mama yako kashasikiliza?" Nikamwambia, "Baba, hii si ya vichochoroni. Hii ya viwanjani." Akarudi kwenye kazi yake. Babu alikuwa na tabia moja ngumu, akiona umeamua anakuachia.

Tukalipeleka harusini Chukwani, uwanja mkubwa, wanawake wamejaa mpaka kwenye minazi ya nyuma. Unaijua taarab yetu. Mwanamke amekaa kwenye kiti chake na lake moyoni, na ubeti ukifika pale panapomgusa anainuka na tuzo mkononi, anakwenda mbele kwa madaha, anamtunza muimbaji, na yule anayekusudiwa anajua kuwa kakusudiwa. Usiku ule beti zilipita na hakuinuka mtu. Mdundo ulikuwepo, viti vilitetemeka, lakini wale wa nyuma walikuwa wakitazamana tu. Muimbaji alikuwa bibi mmoja mashuhuri kwa vijembe vyake, mtu ambaye akifungua mdomo uwanja mzima huinuka. Alimaliza, akashuka, akaniwekea maiki mkononi bila ya neno, akajifunika buibui lake, akaondoka. Nimeshatukanwa mara nyingi katika kazi hii, na matusi yote nimeyasahau. Ile maiki sijaisahau.

Babu hakunigombeza. Asubuhi yake aliliweka Jabali katikati ya karakana, akaweka birika la kahawa juu yake, akasema, "Hapa limekaa vizuri." Ndilo lile lile. Ile meza unayoijua, uliyokuwa ukifanyia kazi za skuli na kumwagia chai, ndiyo amplifaya kubwa kuliko zote alizotengeneza babako.

Bi Kazija ndiye aliyenieleza nilichokifanya. Nilikwenda kumtaka radhi, nikitaraji atacheka. Hakucheka. Akasema, "Haji, mtu katoka kwake kajipamba, kakaa nyuma, ana neno limemkaa rohoni mwaka mzima hana wa kulisemea. Muimbaji ndiye anayemsemea. Wewe ukaja na sanduku lako ukawanyamazisha wote wawili." Tangu siku ile, kabla sijashika pasi ya kulehemu, huwa namfikiria yule aliyekaa nyuma kabisa. Huko unakokwenda utaona mashine ambazo mie sitoziona. Zipende, jifunze zote, usijione mnyonge mbele yake. Ila nakuomba uwe na mtu wako mmoja wa nyuma kabisa, popote utakapokuwa, umuulize kama yamemfika.

Bi Kazija alipofariki wewe bado ulikuwa skuli. Nilikupeleka kwenye ngazi ili pasiwe patupu tu, Mungu anajua, sikutaraji kitu. Ukayarudisha maneno yote, kisha ukaongeza, "Baba, mwisho wa maneno unaliwa." Nikaona mtoto huyu ana maringo. Nikafungua boksi nikakuta kifaa kimoja kidogo kimechoka, hata mie kilikuwa kimenipita. Nilikaa juu ya Jabali nikacheka peke yangu. Watu walikuwa wakinihurumia wakati ule, wananiuliza karakana ataachiwa nani na mie sina mtoto wa kiume. Nikawa nawaambia wende wakasome kibao. Pameandikwa Faki na Wanawe, na wewe ni mwanawe.

Na masikio yangu, wewe ndiye uliyejua mwanzo. Ulianza kukaa upande wangu wa kulia bila ya kusema kitu. Ulianza kunigeukia kabla ya kuniita. Nikakasirika, nikakwambia usinipigie kelele, mie si kiziwi. Ukasema, "Samahani, baba," na ukaendelea kukaa upande wa kulia. Siku moja nikiwa peke yangu nilikuwa napima mashine, nikapandisha sauti nyembamba kidogo kidogo. Nikaona mshale wa mita unatembea, na mie nasikia kimya. Niliuangalia mshale ule muda mrefu. Niliogopa, Rahma. Sikukwambia wewe wala mama yako, lakini niliogopa.

Kisha ukamaliza chuo kikuu kule Tunguu, ukaja na kazi yako ya kwanza ya peke yako. Wale akina bibi wa taarab ya zamani walitaka amplifaya kwa sababu hawasikilizani tena. Wengine wangeipandisha sauti tu, yakaisha. Wewe ulikwenda ukakaa nao wiki nzima, ukasikiliza wanapoteza nini. Ulipokuja kunionesha nikakubishia. Nikasema, "Itapiga mluzi hii." Ukanijibu, "Itapiga mluzi ukiipandisha yote, baba. Mie naipandisha pale wanapopoteza tu." Nilikubishia mpaka jioni, na wakati wote ule nilikuwa na furaha ambayo ilibidi niifiche kwa kukohoa.

Ndiyo amplifaya ya leo. Kichochoro kimejaa, muuza kahawa kasimamisha biashara, Bi Salma katoa kiti chake nje. Nikakwambia, "Haya, nenda kwenye ngazi." Ukanitazama ukasema, "Baba, leo wewe."

Tangu kuzaliwa kwangu sijawahi kusimama pale. Nilikuwa kwenye maiki siku zote, kwa bibi yako na kwako. Nilikwenda, nikawapa mgongo, nikakamata ile nguzo ya ngazi kwa mkono. Nilikuwa nimeshajiandaa kutosikia. Nilikuwa nimeshafikiria hata nitakavyoufanya uso ili usione haya mbele za watu.

Ukasema. Na yakafika, Rahma. Hata zile sauti nyembamba ambazo nilidhani nimeagana nazo zilikuja zimekaa mahali pake. Nilisikia ulipovuta pumzi kabla hujaanza. Mie, fundi wa amplifaya mtoto wa fundi wa amplifaya, nilisimama pale na kugundua kuwa sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile, na babu yako pia hakuwahi. Kuna wazazi wanaombea hilo na hawalioni.

Wewe ukasubiri niyarudishe. Kichochoro kizima kikasubiri. Mdomo haukufunguka, nami nikashuka zile ngazi nikenda zangu msikitini wala sala haijaadhiniwa. Nyuma yangu nikasikia unazungusha waya. Ulidhani mashine imeshindwa, au babako ndiye aliyeshindwa.

Baada ya magharibi nilirudi karakana. Bi Salma alikuwa dirishani kwake, akaniita, "Haji." Nikasema, "Naam." Akasema, "Wewe ulisikia." Nikamwambia nilisikia. Akasema, "Basi mwambie mtoto, usimwache alale hivyo. Na kama unatafuta mtu wa kusimama pale kwenye ngazi, mie sina safari ya Uturuki." Masikio yake ni mabovu kuliko yangu, lakini ana mjukuu anayesikia mpaka chungu kinachochemka nyumba ya tatu, na yeye mwenyewe hajapata kukosa la kusema kwenye maiki. Kwa hiyo sikio la kiwanda lipo. Usibaki kwa ajili hiyo. Na usirudi kwa huruma pia. Ukirudi, rudi kwa kuwa unataka, na ukipata kazi huko ukafanya ya kwako, popote utakapoiweka, mie nitahesabu kuwa imetoka kwetu.

Wakikuuliza kiwanda chenu kikubwa kiasi gani, usitazame chini. Waambie ni chumba kimoja, milango miwili na kichochoro. Waoneshe shingo ya gitaa.

Nimekifunga kibao. Nimechagua kile chenye herufi nzuri, nimekikaza mwenyewe kwa bisibisi ya babu yako, mbele, upande wa kushoto. Sasa desturi inataka nifanye na lile nililolikimbia, kwa sababu kibao hakitangulii maneno, na nimekitanguliza. Ulisema hivi, na nayarudisha kama yalivyo:

"Baba, mie kesho naondoka. Kila ninachokijua nimekijua hapa, kwako. Kama haya yamekufika, usiniambie mashine ni nzuri. Niambie, Rahma, nenda."

Unaona mwenyewe ulivyoniweka. Nikiyarudisha, mdomo wangu mwenyewe ndio unaokutoa nyumbani, mbele ya muuza kahawa, na machozi yameshafika. Ndiyo sababu. Haikuwa nyingine.

Lirudishie begi nguo zake. Yamenifika yote.

Rahma, nenda.

Babako,
Haji Faki